Figo ya Ndugu, Valvu ya Moyo na Barabara ya Kitonga

Figo inayopandikizwa Tanzania hutoka kwa mtu aliye hai, na kwa kawaida mtu huyo ni ndugu: dada, kaka, pengine mama. Kwa hiyo mgonjwa aliyepandikizwa anapoambiwa kwamba valvu ya moyo wake imeharibika na kifua kitafunguliwa, hayuko hatarini peke yake. Kiungo cha nduguye nacho kimelazwa juu ya meza ileile. Daktari hulisoma jambo hilo katika namba za kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi. Familia ya Tukuyu au Mafinga hulikumbuka kwa kikao cha ukoo kilichoamua nani atoe.

Zamani habari za namna hii zilitoka India, walikopelekwa wagonjwa. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ikapandikiza figo ya kwanza nchini, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Waliopandikizwa sasa wanazeeka na figo zao, na valvu zina sababu nyingi za kuharibika: homa ya rumatiki iliyoanza na mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa, kalsiamu iliyojijenga miaka ile figo zilipokuwa zimekufa, au bakteria walioingia kupitia mrija wa kusafishia damu.

Valvu mpya ni ya aina mbili. Ile wagonjwa wanayoiita ya chuma, ingawa hasa ni kaboni ngumu, hudumu miongo kadhaa lakini humfunga mtu kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote. Ya tishu, itokanayo na ng'ombe au nguruwe, kwa kawaida huhitaji warfarini miezi michache tu, au isihitaji kabisa, lakini huchakaa, na kwa kijana huchakaa upesi. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 huelekeza walio chini ya miaka 50 kwenye ya kwanza na waliovuka 65 kwenye ya pili. Kwa mgonjwa wa Mbeya au Iringa aliyepandikizwa figo, mimi naona swali la umri lije baadaye. La kwanza liwe hili: akiwa nyumbani kwake, ni kipimo gani cha damu anakipata bila kupanda basi?

Warfarini haitumiki kwa kukisia. Ikizidi mtu anavuja damu, ikipungua valvu inaziba kwa bonge la damu, na kinachotenganisha hali hizo mbili ni kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Vitamini K ya mboga za majani huipunguza nguvu dawa hiyo, na Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya mboga. Mgonjwa haambiwi aziache. Anaambiwa ale kiasi kilekile wiki zote. Ushauri huo ni rahisi kuutoa ofisini. Kwa mkulima anayekula kinachotoa shamba, masika na kiangazi ni mizani mbili tofauti.

Juu ya hapo anameza takrolimusi, dawa ya kuuzuia mwili usiikatae figo. Nayo ina kiwango chembamba: ikipungua figo inakataliwa, ikizidi inaisumu figo hiyohiyo inayolindwa. Sasa mgonjwa huyu apate kifua kikuu, jambo lisilo geni kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa makusudi. Rifampisini atakayopewa, tena bure, huchochea vimeng'enya vya ini vinavyozivunja takrolimusi na warfarini kwa pamoja. Ndani ya wiki chache figo inaweza kuanza kukataliwa na valvu ya chuma kuanza kuziba, kwa kidonge kilichotolewa kwa nia njema na kwa kufuata taratibu. Dozi zikipandishwa mapema kwa vipimo vya karibu, hilo huzuilika.

Wapo watakaosema dawa mpya za kuzuia damu kuganda, zisizohitaji INR, zimemaliza ubishi. Hazijaumaliza. Jaribio la dabigatrani kwa wenye valvu za chuma lilisitishwa kabla ya wakati, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuganda kwingi na kuvuja kwingi. Pingamizi zito zaidi ni hili: valvu ya tishu ikichakaa, mtu wa miaka 30 atapasuliwa tena, na mashine ya moyo na mapafu itaitikisa figo kwa mara ya pili. Ni kweli, na silipuuzi. Lakini upasuaji wa pili unaokuja baada ya miaka kumi hupangiwa tarehe. Bonge la damu halipangi. Na kwa mwanamke anayetaka kuzaa, warfarini na maikofenoleti, dawa nyingine ya kuuzuia mwili usiikatae figo, zote mbili hudhuru mimba. Maikofenoleti hubadilishwa kwa azathioprini, ilhali warfarini ya valvu ya chuma haina mbadala mwepesi.

Kabla ya yote hayo, nauliza kama valvu ni lazima ibadilishwe. Iliyobana kwa rumatiki, ikiwa umbo lake linaruhusu, hupanuliwa kwa puto lipitishwalo kwenye mshipa wa paja: mfupa wa kifua haukatwi, na kidonda hakiachwi kupona taratibu chini ya steroidi anazomeza kwa ajili ya figo.

Kuna tofauti moja ya maabara ambayo naona haitumiwi vya kutosha. Damu ya takrolimusi huchukuliwa asubuhi kabla ya dozi, na ikiwa kwenye chupa yake hukaa siku kadhaa bila kuharibika. Yaani inaweza kusafiri. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, kutoka Iringa karibu 500, na mlima Kitonga njiani. Hakuna haja ya mtu mwenye kovu kifuani kuushuka kila mwezi ili atobolewe mkono. Damu ya INR haingoji: ipimwe ndani ya saa 24. Hiyo ndiyo inayohitaji mashine ndogo ya tone la kidole, Tukuyu, Kyela, Ilula, na mtu wa kuisoma. Palipo na mashine hiyo, valvu ya chuma inarudi mezani. Pasipo nayo, daktari wa upasuaji Dar es Salaam anapaswa kumpigia simu mwenzake wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya kabla hajaagiza valvu, kwa sababu huyo ndiye atakayeamshwa usiku mgonjwa akianza kutoka damu puani.