Muziki wa Bure Juu ya Mchanga Uliofugwa

Tamasha la Hardly Strictly Bluegrass, ambalo kila mwanzoni mwa Oktoba huwakusanya maelfu ya watu katika bustani ya Golden Gate jijini San Francisco, Marekani, bila kiingilio na bila matangazo ya makampuni, huhesabiwa kuwa lilianza mwaka 2001. Lakini anayetaka kuielewa historia yake hana budi kurudi nyuma zaidi ya karne moja, wakati ambapo mahali hapo hapakuwa na mti wa kumkinga mtu na upepo.

Eneo hilo, lenye takriban hekta 412, lilikuwa kwa sehemu kubwa vilima vya mchanga uliohamahama, kiasi kwamba Frederick Law Olmsted, mmoja wa wasanifu wa Central Park ya New York, alitilia shaka kama miti mikubwa ingeweza kustawi huko. Mhandisi William Hammond Hall, aliyelipima eneo hilo mwaka 1870, aliufuga mchanga kwa hatua: ilisiwa shayiri, ambayo huota upesi na kuushika mchanga kwa muda, ikichanganywa na mbegu za lupini, mmea wa jamii ya kunde unaokawia kukua lakini ukishashika haung'oki kirahisi, na baada ya hapo ndipo ilipofuata misonobari, misaipresi na mikaratusi. John McLaren, Mskoti aliyeisimamia bustani tangu 1890 hadi alipofariki mwaka 1943, aliiendeleza kazi hiyo na, kwa kuwa hakuzipenda sanamu, alizipandia vichaka mpaka zisionekane. Vinu viwili vya upepo, cha kwanza kikikamilika mwaka 1903, vilivuta maji ya chini ya ardhi ya kunyweshea miche, na hivyo upepo uleule uliokuwa adui ukatiwa kazini.

Muziki haukusubiri miti ikomae. Bendi ya bustani ilianza kuwapigia wananchi bure mwaka 1882, na Septemba 1900 likazinduliwa jukwaa la mawe lililogharamiwa na Claus Spreckels, tajiri wa sukari. Utaratibu ambao tamasha la leo limeurithi ulikwisha kuonekana hapo: tajiri hulipa, umma husikiliza, na mlangoni hakuna mkata tiketi.

Kuchaguliwa kwa mwanzo wa majira ya mapukutiko, yaani kipindi cha kati ya kiangazi na baridi, kunaafikiana na hali ya hewa ya mahali hapo. Wakati wa kiangazi joto la bonde kuu la California huifanya hewa ipande, na hewa ya baharini, iliyopozwa na maji baridi ya Pasifiki, huvutwa kujaza nafasi hiyo ikiwa na ukungu mzito. Bonde linapoanza kupoa, ukungu hupungua, na jiji hupata siku zake za joto kuliko zote. Kwa kuwa miti mingi ya bustani hiyo haipukutishi majani, majira hayo hutambulika kwa jua kuliko kwa rangi ya majani.

Mwanzilishi wa tamasha, Warren Hellman, alikuwa mwekezaji mkubwa aliyependa kupiga banjo. Bluegrass ni muziki wa vyombo vya nyuzi uliopewa sura na Bill Monroe wa Kentucky katika miaka ya 1940, na banjo yake ina asili ya Afrika Magharibi, kwa kuwa watu waliopelekwa utumwani ndio walioiunda kwa kibuyu kilichowambwa ngozi, kama gambusi la Zanzibar linavyowambwa. Mwaka 2004 jina la tamasha liliongezwa neno ‘Hardly’, la kukiri kwamba halikuwa tena la bluegrass tupu. Miongoni mwa waliopanda jukwaani karibu kila mwaka alikuwa Hazel Dickens, aliyezaliwa katika jamii ya wachimba makaa ya mawe ya West Virginia na kuimba madai ya wafanyakazi. Kwamba mlipaji wake alikuwa bwana wa mitaji ni kejeli ambayo, kwa dalili zote, haikumsumbua yeyote kati yao.

Wote wawili walifariki mwaka 2011, Dickens mwezi wa Aprili na Hellman mwezi wa Desemba. Mwaka huohuo uwanda mkuu wa tamasha ulipewa jina la Hellman, na fedha alizoziacha ndizo zilizoliendeleza tamasha, hata mwaka 2020 liliporushwa kwa intaneti kwa sababu ya UVIKO-19.