Baraza na Matuta: Sayansi Hadharani katika Milima ya Usambara



Kabla neno baraza halijawa na maana ya mkutano, lilikuwa, na bado ni, kikalio cha mawe au udongo kilichojengwa mbele ya nyumba ya Mswahili. Aketiye barazani husikiliza na hujibu. Hakuna aliyemzidi mwenziwe kimo. Utawala wa kikoloni ulilichukua neno hilo ukalipandisha bara, na huko likapata maana ya pili: mkutano ulioitishwa na mkubwa, mmoja akisimama na wengine wakiketi chini. Katika mhadhara huu nakusudia kueleza yaliyolipata neno hilo Usambara, pale sayansi ilipotaka kusemwa hadharani.

Sayansi yenyewe ilikuwa imetangulia kufika milimani. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya biolojia na kilimo huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Franz Stuhlmann. Palipandwa mikinini, mikahawa na miti ya kila bara. Jarida lake, Der Pflanzer, lilianza kutoka mwaka 1905, na jina lenyewe, yaani mpandaji, linaonyesha lilisema na nani: liliandikwa kwa Kijerumani kwa ajili ya walowezi wenye mashamba makubwa. Wenyeji walikuwa wakulima tangu zamani, lakini hawakuwa hadhira.

Chini ya Waingereza, Amani ilizaa jambo ambalo napenda kulitaja kwa sababu halikuhitaji hotuba. Tangu miaka ya 1930, H. H. Storey na wenzake walichanganya mbegu ya muhogo na jamaa zake wa porini ili kupata mihogo inayostahimili batobato. Kizazi cha mihogo hiyo kilifika hata Ibadan, Nigeria. Kipando cha muhogo hakihutubu: mkulima hukichomeka ardhini, akaamua mwenyewe kama kinafaa.

Sasa tuvuke bonde la Lwengera kuelekea Usambara ya Magharibi, yaani upande wa Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Huko mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1946 serikali ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye ukaenezwa sehemu nyingine za milima hiyo. Hoja ya wataalamu haikuwa ya kupuuzwa: watu walikuwa wameongezeka, miteremko ni mikali, na mvua ilikuwa ikiteremsha udongo mtoni. Dawa yao ilikuwa matuta. Mabwana shamba walipita na kuwakusanya watu kwenye mabaraza wakaeleza jinsi maji yanavyokimbia na jinsi tuta linavyoyazuia. Nyuma ya maelezo hayo, hata hivyo, palikuwa na amri, na nyuma ya amri palikuwa na faini. Asiyelima matuta alishtakiwa.

Zingatieni neno lenyewe. Tuta ni neno la kawaida kabisa la Kiswahili. Ni la viazi vitamu. Usambara likawa jina la mpango mzima, kisha jina la ugomvi mzima. Aidha, mzigo wake haukuwaangukia wote kwa usawa. Jembe la mazao ya chakula lilikuwa mikononi mwa wanawake, na ndio waliotakiwa kuigeuza ardhi ya mteremko kwa namna iliyoongeza kazi maradufu. Steven Feierman, katika kitabu chake Peasant Intellectuals cha mwaka 1990, ameonyesha kwamba neno utumwa lilirudi katika mazungumzo ya watu wakati huo, na kwamba wanawake walikuwa na sababu zao za kulitamka.

Hapa ndipo penye jambo la kutuhusu sisi wa taaluma ya lugha. Istilahi tunayoitumia leo ni mmomonyoko wa udongo. Tuichambue: kumomonya, kumomonyoka, mmomonyoko. Kiambishi cha hali kimemwondoa mtenda. Udongo unamomonyoka, hapana aliyeumomonya. Hivyo ndivyo sayansi ya udongo inavyopenda kusema. Washambaa walikuwa na msamiati mwingine. Walinena juu ya kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Vitenzi vyote viwili vina mtenda. Nchi ikiharibika, swali la kwanza ni nani ameiharibu, na jibu lilitafutwa kwa watawala: mfalme mmoja mwenye nguvu huleta mvua na shibe, bali wakubwa wakishindana nguvu kwa nguvu huja njaa. Kwa mantiki hiyo, aliyeketi chini akisikia habari za nchi kuharibika alikuwa na haki ya kumwuliza bwana shamba, na jumbe aliyesimama kando yake, swali ambalo baraza lile halikuandaliwa kulijibu.

Sisemi kwamba Washambaa walikuwa sahihi na wataalamu wakakosea. Udongo ulikuwa ukienda kweli, nao wenyeji waliuona ukienda. Lakini wasemaji wa pande mbili walikutana katika uwanja mmoja, kila upande ukiitaja nchi ileile kwa sarufi yake. TANU, iliyoundwa mwaka 1954, iliikuta chuki ya matuta imekwisha kuiva, na kufikia mwaka 1958 mpango ulikuwa umeachwa.

Hifadhi ya udongo ilirudi Lushoto mwaka 1981, kwa mradi wa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani uliojulikana kwa kifupi SECAP. Safari hii palipandwa mistari ya majani ya Guatemala kufuata kontua, pamoja na miti. Nikilinganisha mipango hii miwili, naona tofauti kubwa haimo katika hoja kuhusu maji na mteremko, kwa kuwa hoja hiyo haikubadilika sana tangu Mlalo. Imo katika majani. Tuta halimpi mwenye shamba kitu jioni. Majani hukatwa akapewa ng'ombe aliye bandani, na ng'ombe akarudisha samadi. Mwanamke aliyekuwa akiulizwa mbona hajalima matuta aliweza sasa kuuliza yeye: majani haya yatamtosha ng'ombe wangu mpaka vuli?