Moto, Chuma na Mchanga Mweusi wa Kwale

Desemba 2024 uchimbaji ulikoma Maumba na Nguluku, bara kidogo kutoka Diani na Msambweni. Tangu mwishoni mwa 2013 kampuni ya Base Titanium ilikuwa ikichimba matuta ya mchanga, ikiuosha na kuupitisha kwenye sumaku kubwa. Ilmeniti, punje nyeusi zenye chuma na titani, ilivutwa kando. Rutili na zirkoni zikatenganishwa kwa umeme. Meli ya kwanza ilipakia Likoni Februari 2014.

Kwa nini sumaku za nguvu kiasi hicho, ilhali punje zenyewe zina chuma? Jibu lina historia ndefu, na hapa Kwale chuma ni cha kale kuliko mgodi. Mwaka 1967 mwanaakiolojia Robert Soper alichapisha habari za vyungu alivyovifukua Kwale, vya karne ya 3 hivi, vya wakulima waliotumia chuma. Vyungu vya namna ile leo huitwa vya Kwale hata vikipatikana mbali na hapa, na hiyo ni fahari yetu.

Mhunzi wa zama hizo, akivukuta makaa mpaka chuma kikaiva chekundu, alikivusha mpaka asiouona. Kikifika nyuzi 770, chuma hakishikwi tena na sumaku. Tabibu Mwingereza William Gilbert aliliandika jambo hilo mwaka 1600. Pierre Curie akalipima kwa makini, 1895.

Likabaki suala la joto lenyewe. Mwaka 1907 Pierre Weiss, akifundisha Zurich, alieleza kwamba ndani ya chuma mna visumaku vidogo mno, kila kimoja kikifuata uelekeo wa jirani zake, kama wavuvi wanaovuta juya pamoja. Joto huwatawanya. Lakini kuwatawanya kuna gharama: sehemu ya moto haipandishi nyuzi, huliwa na kazi ya kuuvunja mshikamano huo. Basi joto la kukipandisha chuma nyuzi moja lazima lizidi kadiri kinavyoukaribia mpaka, kisha lishuke ghafla kikishavuka. Mwaka 1908 yeye na mwenzake Beck walipima, na kilele wakakikuta. Katika chuma safi, karibu na nyuzi 770, joto hilo ni zaidi ya mara mbili ya lile la kawaida. Hapa ndipo ninapostaajabu kila mara: unapima moto tu, na moto unakusimulia habari za sumaku.

Ilmeniti nayo ina kilele chake, ingawa visumaku vyake hupangika kwa kupeana mgongo. Kiko nyuzi 215 hivi chini ya sifuri. Kwa joto la Msambweni, mpangilio huo haupo kabisa. Umebaki mvuto hafifu, ambao sumaku ndogo ya mkononi haiutambui kwa urahisi. Mvuto huo hafifu ndio ulioipakia ilmeniti melini Likoni, shehena baada ya shehena.