Jembe na Fimbo Rudewa: Historia ya Kiasi Kilichobanwa

Rudewa ni kata iliyoko kaskazini mwa mji wa Kilosa, kando ya barabara iendayo Dumila, mahali ambapo maji yashukayo milimani hutua uwandani na kuacha ardhi inayofaa mpunga na mahindi wakati wa mvua, na malisho wakati wa kiangazi. Kwa kuwa ardhi hiyohiyo humfaa mkulima na mfugaji, historia ya mahali hapa kwa sehemu kubwa ni historia ya kutafuta kiasi, yaani kila upande kujizuia usichukue chote unachoweza kukichukua.

Wakulima wenyeji, hasa Wakaguru na Wasagara, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, waliishi kwa miongo mingi jirani na Waparakuyo, wafugaji wasemao Kimaasai ambao maandishi ya zamani huwaita Wakwavi. Mfugaji alihitaji nafaka, mkulima alihitaji maziwa na nyama, na baada ya mavuno ng'ombe walikula mabua shambani na kuacha samadi. Ujirani huo haukuwa wa upole mtupu, wala haifai kuupamba: Thomas Beidelman, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza katika makala ya 1961 jinsi vilabu vya pombe na wizi wa ng'ombe vilivyowakutanisha na kuwagombanisha watu hao. Hata hivyo ugomvi ulikuwa na mahali pa kupoa, kwa sababu mfugaji aliyekosana na jirani aliweza kuhamisha mifugo, na mkulima aliyelishiwa shamba alimdai fidia mtu aliyemfahamu, na msimu uliofuata wangehitajiana tena.

Nafasi hiyo ndiyo iliyobanwa. Mkonge, ulioingizwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ulipata njia ya kusafirishwa reli ya kati ilipopita Kilosa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mashamba makubwa ya Kimamba na Rudewa yakavuta manamba, yaani vibarua wa mkataba kutoka mikoa ya mbali, ambao wengi wao walibaki na kulima. Mwaka 1964 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, Mkata ikapata ranchi ya serikali, na baadaye vijiji vya Ujamaa vikakusanya watu na mashamba yao. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, lakini hakuna iliyojumlisha ardhi ambayo hatua nyingine zilikuwa zimekwisha kuichukua, na aliyekuwa akihamahama ndiye aliyepoteza mapema zaidi.

Vijiji vya wafugaji, kama Twatwatwa na Mabwegere, vilipata mipaka yake kando ya vijiji vya wakulima. Mipaka hiyo, iliyokusudiwa kulinda, ilibadili swali: zamani watu waliulizana ng'ombe wapite lini na wapi, sasa waliulizana ardhi ni ya nani peke yake. Kukamata ng'ombe walioingia shambani na kuwatoza wenyewe faini kukawa jambo la kawaida, na kwa mfugaji faini hiyo ilifanana na kunyang'anywa.

Alfajiri ya tarehe 8 Desemba 2000, wapiganaji wa Kimaasai walivamia kijiji cha Rudewa Mbuyuni na kuua watu 38, wengi wao wasiokuwa na uhusiano wowote na ugomvi huo wa ng'ombe na faini. Hakuna faini wala shamba lililolishwa linaloweza kuhalalisha mauaji hayo, na kuyaeleza kwa chuki ya kale ya makabila ni kuwakosea waliokufa, kwa kuwa kunaficha miongo ya maamuzi ya ardhi iliyotangulia. Jibu la serikali mwaka 2009, la kuondoa mifugo wilayani Kilosa kwa nguvu, lilikuwa ukali wa aina nyingine, uliohamishia mgogoro kwenye wilaya nyingine badala ya kuumaliza.

Hata hivyo njia nyingine ipo: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, katika kifungu cha 11, inaruhusu vijiji viwili au zaidi kukubaliana kutumia ardhi kwa pamoja. Kwa Rudewa makubaliano ya namna hiyo yangetaja njia za ng'ombe, mahali pa kunywesha, na siku ambayo mabua hufunguliwa kwa mifugo baada ya mavuno, mambo ambayo wazee wa pande zote mbili waliyapanga kwa maneno kabla ya kuwapo ramani yoyote ya kijiji.