Mashini ya Mama: Historia ya Kushona Nyumbani katika Lubumbashi

Ukiingia katika nyumba ya zamani ya Kamalondo, ya Kenya, ya Katuba ao ya kambi za Gécamines, mara nyingi utaona pembeni ya sebule mashini ya kushona iliyofunikwa na kitambaa. Juu yake wameweka redio, picha ya ndoa ao maua ya plastiki. Batoto wa leo wanaiona sawa meza. Lakini mashini ile ni shahidi wa historia ya mji wetu, na katika miaka ya taabu ilibeba jamaa nzima. Katika kurasa hizi tutaeleza namna kazi ya sindano ilivyoingia katika nyumba zetu, nani aliileta na kwa shabaha gani, na namna bamama walivyoigeuza.

Kitambaa mbele ya mji

Kitambaa cha dukani kilifika Katanga mbele ya Wabelgiji. Wakati wa Mwami Msiri, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891, misafara ya wafanyabiashara iliyotoka mashariki ilifika mpaka Bunkeya na merikani nyeupe na kaniki. Ilirudi na pembe za ndovu, shaba, na pia watumwa. Ile wakati kitambaa kilikuwa sawa franga: watu walilipia nacho deni na kupitia njia. Maneno kama sindano, uzi, fundi na kushona yalipita katika njia hiyo ya Kiswahili. Watu wa pwani wanasema "cherehani". Sisi tunasema tu "mashini".

Mji wa Elisabethville ulipoanza mwaka 1910, biashara ya vitambaa ilishikwa zaidi na wageni, kati yao Wagiriki na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Mtu alinunua kitambaa ndani ya magazini, akatoka kwenye barza, na pale fundi mwenye mashini akampima. Fundi huyo alikuwa mwanaume. Kushona mbele ya watu, kwa kulipwa franga, kulikuwa kazi ya wanaume. Jambo hili tulikumbuke, kwani mambo yanayofuata yanasimama juu yake.

Fwaye na mke wa mfanyakazi

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwanzoni ililetea mgodi vijana wasio na bibi, kwa mikataba mifupi. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengine walikimbia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iligeuza mpango wake: ilitaka mfanyakazi akae miaka mingi, aoe, azae, na mtoto wake awe mfanyakazi wa kesho. Ndiyo maana mke alipewa nafasi kambini, pamoja na posho yake na ya batoto.

Lakini mke huyo alipaswa kufundishwa. Masomo ya kambini yaliwekwa katika mikono ya wamisionari Wabenedikto na watawa wa kike. Mtoto mwanaume alielekezwa kwenye ufundi wa kampuni. Mtoto mwanamuke alipewa sindano. Kwa mama aliyekwisha kuolewa kulikuwa fwaye, yaani nyumba ya mafundisho ya jamii, ambayo ilipata nguvu zaidi kiisha vita ya 1940-1945. Pale walifundisha kushona, kufuma, kupika, usafi wa nyumba na ulezi wa mtoto. Mama alijifunza kukata nguo ya mtoto mchanga na kutia kiraka kwenye nguo ya kazi ya bwana.

Shabaha ilikuwa wazi: mke abaki nyumbani, nyumba iwe safi, bwana aende kazini na roho tulivu. Hakufundishwa ili apate mshahara. Tangu mwaka 1952, mtu mweusi aliyetaka kuandikishwa katika daraja la "évolué" alitembelewa nyumbani na watu wa serikali. Walichungulia meza, vyombo, na namna mke alivyotunza nyumba na batoto. Sindano ilikuwa sehemu ya mtihani ule.

Hata hivyo tusiwachekelee bamama wale. Walipenda kazi ile. Mama aliyetoka kijijini bila kumjua mtu alipata wenzake kwenye fwaye. Walicheka, walipashana habari, walijifunza Kiswahili cha mji wakishikilia uzi. Na kitu walichoshona kilikuwa chao.

Ufundi wa kugeuza

Nyumbani, kazi kubwa haikuwa kushona nguo mpya, bali kugeuza ya zamani. Shati la papa likichakaa kwenye kola, mama alifumua kola kwa wembe, akaigeuza upande usiochakaa, akairudisha mahali pake. Suruali iliyopasuka magotini ilikatwa ikawa kaputula ya mtoto. Nguo iliyopauka ilifumuliwa yote, kitambaa kikageuzwa, upande wa ndani ukawa wa inje. Inikwa ya shule, shati jeupe na chini bluu, ilishonwa na pindo refu: mtoto akirefuka, pindo linashushwa, na nguo inavaliwa na mdogo wake tena.

Hii haikuwa akili ya umaskini tu. Ni hesabu. Anayefumua nguo anajifunza namna ilivyounganishwa, na bamama wengi walijifunza kukata kwa kufumua, bila karatasi ya patroni. Vipande vilivyobaki havikutupwa: vilikuwa mfuko, kitambaa cha kushikia sufuria, mto wa kiti.

Kikwembe na sheria ya serikali

Tarehe 27 Oktoba 1971 inchi iliitwa Zaire, na siasa ya otantisite iliingia mpaka kabatini. Wanaume waliacha kostimi na kravati, wakavaa abakosti. Wanawake walikatazwa suruali na nguo fupi, wakaambiwa wavae kikwembe. Wengi walichukia kulazimishwa. Lakini ona matokeo yake: kikwembe hakinunuliwi kikiwa kimeshonwa. Kinauzwa kwa yadi. Yadi sita zinatoa vipande vitatu: libaya, kikwembe cha kuvaa, na cha pili cha kufunga juu yake ao kumbebea mtoto. Ni lazima mtu akate libaya, afanye mikono, shingo na kiuno. Kwa hiyo amri ile iliyotaka kumtawala mwanamuke iliongeza kazi kwa mwenye mashini.

Na hapo ndipo mama aliweka alama yake. Kikwembe ni kimoja, kimetoka kiwanda kimoja, lakini katika ndoa ambapo wanawake makumi wanavaa inikwa moja, kila libaya ni tofauti. Huyu ameongeza dantele shingoni, yule amepandisha mikono, mwingine amepanga maua ya kitambaa yaanguke katikati ya mgongo. Mwenye macho anajua ni mkono wa nani.

Wakati baba aliposhindwa

Wafanyakazi walikuwa wakiiita kampuni baba na mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa mwaka 2001 kitabu kinachoitwa Bana Shaba abandonnés par leur père, ni kusema wana Shaba walioachwa na baba yao. Jina hilo linasema yote. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990. Mwaka 1991 inchi iliporwa. Gécamines ilianguka, mishahara ikakaa miezi na miezi bila kulipwa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliondoka kwa mpango ulioitwa "kuondoka kwa mapenzi".

Posho iliisha, lakini mashini ilibaki. Mama aliyefundishwa kushona ili abaki nyumbani alianza kushona ili nyumba isimame. Alishonea majirani inikwa za shule, mabaya, mapazia, akalipwa franga ao unga. Sheria ya jamaa ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya bwana kwa mapatano ya kisheria, na sharti hilo liliondolewa tu mwaka 2016. Lakini mashini iliyo sebuleni haikuuliza ruhusa kwa mtu. Ilikuwa pale tangu zamani, na bwana mwenyewe ndiye aliyeinunua kwa mshahara wake. Katika nyumba nyingi, mzee aliyekuwa mkubwa wa jamaa alijikuta anakula kazi ya sindano. Jambo hilo liliumiza wengine. Wengine walijifunza kukata uzi na kupiga pasi.

Leo

Nguo za tombola, zile ambazo ndugu zetu wa Zambia wanaziita salaula, zimejaa masokoni, na nguo mpya za Asia zinauzwa kwa bei ambayo fundi hawezi kuishinda. Wengine wanasema kushona nyumbani kumekufa. Hapana. Kumegeuka. Msichana ananunua robo ya tombola iliyo kubwa mno, anapunguza kiuno, anakata mikono, anatia kipande cha kikwembe mfukoni, na nguo ya Ulaya inakuwa ya Lubumbashi. Hiyo ndiyo kola iliyogeuzwa na bibi yake. Na moto wa SNEL ukikatika, mashini ya miguu inaendelea kuzunguka.

Tatizo ni lingine. Bamama waliopita fwaye ni wazee sasa, na wengi wamekwisha kutuacha. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili chetu historia ya mji kwa upande wa maboyi, na kwa sababu yake tunajua mambo ambayo mabwana hawakuandika. Kiisha mwaka 2000, kazi ya Mémoires de Lubumbashi ilikusanya mengi juu ya wanawake na mavazi. Lakini hakuna kitabu kinachoweza kuingia kila nyumba. Sisi tunaweza.

Basi, ndugu msomaji, mbele ya kuuza mashini ile kwa wanunuzi wa vyuma, ondoa redio juu yake. Kaa karibu na mama, umuulize nguo gani alishona ya kwanza, nani alimfundisha, na ni nguo ngapi zililipa masomo yako. Andika jibu lake.