Namna wanafunzi wanavyopaswa kutunza vyombo vya muziki vya shule

Katika shule zenye fanfari, tarumbeta huwa chache kuliko wanafunzi wanaotaka kupiga. Chombo kimoja hupita mikononi mwa watoto watatu au wanne. Kikiharibika, wote hao hukaa wakitazama wenzao. Na vipuri havipatikani kwa urahisi katika masoko yetu. Mara nyingi tunangoja msafiri atuletee.

Tunaanza na tarumbeta, maana ndiyo inayoteseka zaidi. Adui wake wa kwanza ni mate. Ukimaliza kupiga, fungua kitundu cha maji, puliza bila kutoa sauti mpaka maji yatoke, ndipo uirudishe sandukuni. Aliyekunywa soda au kula mandazi asukutue mdomo kabla ya mazoezi, kwa sababu sukari huingia ndani na kufanya pistoni zinate. Kipande kinachowekwa mdomoni kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kila kinapopokelewa na mwingine. Afadhali kila mmoja awe na chake, hasa wakati wa mafua.

Pistoni ni tatu, nazo zina namba 1, 2 na 3. Ukizitoa zote pamoja unaweza kuzichanganya, na hapo hewa haipiti hata ukipuliza mpaka machozi yatoke. Toa moja, ipanguse kwa kitambaa laini, tia matone machache ya mafuta ya pistoni, irudishe, ndipo ushike ya pili. Si mafuta ya mawese, wala ya kukaangia! Hayo hunata. Kipande cha mdomoni kikikwama, usikivute kwa koleo, mpelekee mwalimu. Bomba likipinda linahitaji fundi, na mafundi wa kazi hiyo ni wachache.

Orkesta ya simfoni ya Wakimbanguisti huko Kinshasa, iliyoanza mwaka 1994, inajulikana kwa kufunga waya wa breki za baiskeli pale nyuzi za fidla zilipokatika. Tunawastahi kwa ujasiri huo, lakini mwanafunzi asiige kwenye gitaa la nyuzi za nailoni: waya wa chuma huvuta kwa nguvu mno, na ubao unaoshikilia nyuzi unaweza kung'oka. Gitaa lisiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa, kwani gundi yake hulegea kwa joto.

Ngoma isigeuzwe meza ya vitabu. Kinanda cha umeme kifunikwe kwa sababu ya vumbi, na umeme ukikatika kichomolewe mara moja, kwa kuwa mara nyingine hurudi kwa nguvu na kuunguza.

Mwalimu aandike katika daftari hali ya kila chombo kinapotoka na kinaporudi. Mtoto anayekuja mwenyewe kusema kimevunjika asichapwe. Akichapwa, wenzake watakirudisha kimyakimya sandukuni, nasi tutagundua asubuhi ya sikukuu, watu wakiwa wamekwisha kuketi.