Mwanasesere na Mizani Yake

Binti wa kaka yangu ana miaka saba. Majuzi alimshika mwanasesere wake kiunoni kwa vidole viwili, akajishika na yeye kiuno kwa mikono yote miwili, kisha akaniuliza: "Shangazi, mimi nitakuwa hivi lini?" Mwanasesere huyo nilimnunulia mimi. Nilikosa la kujibu, nikaenda kusoma alikotoka.

Barbie alionyeshwa kwa mara ya kwanza Machi 1959, kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea jijini New York. Ruth Handler, aliyembuni, alikuwa amemwona binti yake Barbara akicheza na wanasesere wa karatasi na kuwapa maisha ya watu wazima. Madukani wakati ule wanasesere wengi walikuwa vichanga, na mchezo wa msichana ulikuwa kulea. Handler alitaka msichana ajione akiwa mkubwa, akichagua mwenyewe awe nani. Nia hiyo siibezi.

Shida ni mwili aliouchagua. Umbo la Barbie lilitokana na mwanasesere wa Kijerumani aitwaye Lilli, mhusika wa katuni za gazeti la Bild, ambaye mwanzoni aliuzwa kwa watu wazima, hasa wanaume, kama kitu cha mzaha. Umbo la kuwachekesha wanaume ndilo alilokabidhiwa mtoto wa kike kama picha ya kesho yake.

Kisha ukaja mwaka 1965. Barbie akavalishwa nguo za mwanaanga, miaka 18 kabla Sally Ride hajawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kufika angani. Mwaka huohuo yakauzwa mavazi yake ya kulalia, yakiwa na mizani iliyoganda kwenye ratili 110, karibu kilo 50, na kijitabu cha kupunguza uzito. Ushauri wa kijitabu hicho ulikuwa mmoja: usile.

Wanaomtetea Barbie hutuonyesha vazi la mwanaanga, na wanaompinga hutuonyesha mizani. Lakini vazi huvuliwa. Kinachobaki mkononi mwa mtoto ni mwili, nao ulikaa na wembamba wake kwa miongo mingi. Mwaka 2006 watafiti nchini Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wasichana 162 wa miaka mitano hadi minane. Wadogo miongoni mwao waliotazama picha za Barbie waliuridhia mwili wao kidogo kuliko wenzao ambao hawakuzitazama, na walitamani zaidi kuwa wembamba. Kampuni ilitoa maumbo mapya, mrefu, mfupi na mnene kidogo, mwaka 2016. Barbie alikuwa na miaka 57.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba ndoto ya Handler ilikuwa njema, ila aliifungia ndani ya kiuno ambacho hakuna binti atakayekipata. Sikumnyang'anya mtoto mwanasesere wake. Nilikaa naye mkekani nikamweleza kwamba huyu hana tumbo kwa sababu waliomtengeneza walimwambia asile.

Akamtazama kwa muda. "Kumbe ana njaa," akasema.

Jioni nilimkuta uani akimpikia ugali wa mchanga. Sidhani kama swali lake limekwisha. Atalirudia akifika miaka kumi na mitatu, na siku hiyo nataka nisilikimbilie vitabuni.